Jina la Shule Ndani ya Sanduku la Marehemu

Nimechoka, na sitaki kujifanya sijachoka. Mimi ni sekretari wa shule ya wakunga hapa Kalemie tangu shule ilipokuwa na vyumba viwili na mabenchi ya kuazima kanisani. Mtu akiniuliza kazi yangu ni nini, nasema ni kupanda mlima. Shule iko juu, na kila kinachohitajiwa na shule kiko chini: bandari, stesheni, ofisi za simu, mhuri wa huyu na saini ya yule. Karatasi ikikosa kitu kimoja, ni mimi na magoti yangu. Wakurugenzi wa masomo wamebadilika, walimu wamekuja na kwenda, magoti yamebaki yale yale.

Ninayoandika hapa yalitokea mwaka huu katika juma moja tu, lakini chanzo chake ni siku niliyoandikisha jina la shule kwenye mtandao, miaka kadhaa iliyopita.

Siku zile tulikuwa tunatumia anwani ya barua pepe ya bure, ile ambayo hata muuza mkaa anaweza kufungua. Hospitali zilianza kutukatalia. Diploma za uongo zilikuwa zimejaa, kila soko na mtengenezaji wake, na waajiri wakawa wanasema hawatamwamini mkunga mpaka shule yake yenyewe ithibitishe, kwa anwani ambayo si kila mtu anaweza kujifungulia. Fundi wa kompyuta alitushauri kuchukua jina la shule lenye mkia wa nchi yetu, nukta cd. Mwanzilishi wa shule, muuguzi mzee tuliyemwita wote Papa Direkta, alilipenda wazo hilo kuliko mkia mwingine wowote. Alisema: "Sisi si watu ya hewani. Tuko na inchi."

Nikashuka kwa fundi. Alikuwa na kibanda karibu na stesheni, kompyuta mbili na feni moja iliyoelekezwa kwake peke yake. Akafungua fomu, akajaza vitu vyake, kisha akasimama, akaniuliza kwa Kiswahili chetu, ambamo "njo" ni "ndiye".

"Mama, hapa wanauliza mwenye jina njo nani."

"Shule."

"Shule haina simu. Wanataka muntu. Ule muntu njo mwenye kila kitu. Kila mwaka, wakati ya kuongeza mwaka ingine, wanatuma namba ya siri kwa simu yake. Bila ile namba, hata miye fundi siwezi kitu."

"Basi andika Papa Direkta."

Fundi akanitazama. "Andika weye, Mama. Weye njo unapanda na kushuka. Papa ni muzee."

Nilimpigia Papa Direkta simu nikitegemea atanipongeza kwa adabu yangu. Akacheka. Akasema: "Andika jina yako. Miye niko muntu ya kwenda." Nikamjibu: "Hapana, Papa. Siwezi kuweka jina yangu juu ya kichwa yako." Akasema kama nataka hivyo, basi hivyo. Fundi akaandika jina la mzee, namba ya mzee, hata anwani ya mzee ya barua, ile iliyofunguka katika simu yake tu. Nikapanda mlima siku hiyo nikijiona mtu wa heshima sana.

Asiye wa kwetu atasema huo ulikuwa ujinga. Kwetu ndivyo kila kitu kinavyofanywa. Kiwanja, mita ya maji, laini ya simu ya ofisi, vyote vinaandikwa kwa mkubwa, hata kama mkubwa mwenyewe hajui mita iko ukuta gani. Mdogo akijiandika yeye, watu wanaanza kujiuliza anatafuta nini. Mimi tena nilijifunza kazi kwenye ofisi za reli, kwa mashine ya kuchapa, ambako jina la mkuu lilikaa chini ya barua kwa herufi kubwa, na mchapaji aliruhusiwa herufi mbili ndogo pembeni, za kujulisha nani alaumiwe makosa yakionekana. Nilikua hivyo. Sikuwahi kuona ni mzigo.

Papa Direkta alifariki mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua. Alilala mchana baada ya kula na hakuamka. Nililia kweli kweli, maana nilikuwa nimefanya kazi naye miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu. Wanafunzi waliimba, tulimzika vizuri. Jioni ya mazishi familia ikakusanya vitu vyake kama desturi ya nyumba ile inavyotaka: nguo, saa, miwani, simu. Vikatiwa katika sanduku, sanduku likafungwa kwa kufuli, na ufunguo akaushika dada yake mkubwa, aliyetoka upande wa Moba, ambaye kila mtu pale alimwita Shangazi. Hakuna cha marehemu kinachoguswa mpaka matanga yaondolewe. Na matanga hayawezi kuondolewa mpaka mdogo wake afike kutoka Nyunzu, naye alikuwa akisubiri treni, na treni ilikuwa ikisubiri yale ambayo treni zetu husubiri.

Sikuifikiria ile simu hata dakika moja.

Jumatatu moja, majuma machache baadaye, binti mmoja aliingia ofisini bila kubisha. Nasema binti, lakini ni mama wa mtoto. Alimaliza kwetu miaka mitatu iliyopita, mzaliwa wa Zongwe, kimya, mwenye mikono mizuri. Walimu walikuwa wakimwachia uzazi mgumu kabla hata hajapata diploma. Tangu amalize alikuwa akisaidia katika nyumba ya uzazi ya hapa mjini bila nafasi ya kudumu, akilala chumba kimoja na wakunga wenzake wawili, mahali ambapo mtoto haruhusiwi. Binti yake wa miaka saba alikuwa Zongwe kwa bibi yake. Walionana siku mtumbwi wa mota unaposhuka pwani na zamu ikakubali, na mara nyingi kimoja kilikubali na kingine kikakataa.

Sasa hospitali moja upande wa Manono ilikuwa inatafuta mkunga, na nafasi hiyo ilikuwa na nyumba. Siku alipokuja kuomba nakala ya diploma ili aombe kazi, aliniinulia vidole viwili usoni. "Vyumba mbili, Mama," aliniambia. "Mbili! Kimoja ya mutoto."

Jumatatu hiyo hakuinua vidole. Aliniwekea simu yake mezani nisome. Hospitali ilikuwa imemchagua. Lakini barua yao kwa shule ilikuwa imerudi, anwani haijulikani. Shule ithibitishe diploma kutoka anwani yake rasmi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kamati inapokaa. Baada ya hapo watamchukua anayefuata.

"Wanasema shule haiko," akasema. "Miye nilisoma fasi gani, Mama?"

Nikawasha kompyuta. Nikaandika jina la shule. Kioo kikabaki cheupe, halafu kikaniambia kwa Kifaransa kizuri kwamba mahali hapo hapapatikani. Nikajaribu tena polepole, kama vile mashine ilikuwa haijasikia. Kisha nikakumbuka kwamba ulikuwa mwezi wa kuongeza jina kwa mwaka mwingine, na simu ya nani ilikuwa wapi.

Ningeweza kumwambia palepale. Sikumwambia. Nilisema: "Ni rezo, mama. Unajua rezo ya hapa. Itarudi."

Kalemie kila kitu ni rezo, yaani mtandao. Barua isipofika ni rezo, mchumba asipopiga simu ni rezo. Ni neno zuri kwa sababu halina mwenyewe. Akaniamini, akarudi kwenye zamu yake.

Mimi nikashuka kwa fundi. Hakuhitaji muda mrefu. "Mama, jina imekufa," akasema. "Walituma ukumbusho, wakatuma tena. Yote ilienda kwa simu ya muzee. Lakini haiyaoza bado. Kuko siku kidogo za kuifufua. Leta ile namba ya siri tu."

"Fungua jina lingine."

"Sasa hivi naweza. Lakini diploma yake imeandikwa anwani gani?"

Ile iliyokufa. Tuliichapa chini ya kila diploma, kwa kujivunia. Hata hivyo nilimpigia simu bwana wa hospitali aliyeandika ile barua, nikajieleza, nikamwambia naweza kumwandikia sasa hivi kwa anwani mpya ya shule au hata yangu mwenyewe. Alikuwa mpole, na upole wake ukanikatisha tamaa zaidi. Akasema: "Mama, anwani ya kufunguliwa jana inayothibitisha diploma ya zamani njo kazi ya wezi. Siyo kama sikuamini. Niko na bakubwa." Nilitaka kumchukia nikashindwa, kwa sababu ningekuwa mimi pale ningesema hayo hayo.

Jumanne nikaenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Nilikuwa na wazo kwamba wanaweza kutengeneza kadi nyingine yenye namba ya mzee. Nilipanga mstari tangu walipofungua mlango. Msichana wa dirishani alikuwa na kucha ndefu na kikohozi.

"Mwenye namba akuje na kadi yake ya kura," akasema.

"Amekufa."

"Pole sana, Mama. Lakini lazima akuje yeye mwenyewe."

"Nimesema amekufa. Tulimuzika. Iko kwa makaburi."

Akakohoa, akaangalia karatasi iliyobandikwa ukutani mbele yake, akaisoma yote. "Basi mutoto yake akuje na karatasi ya tribinali."

Karatasi ya mahakama! Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, sikuona aibu, mwanamke mzima na mkoba wangu magotini. Kama mahakama yetu ingeniona kabla ya Ijumaa ya mwaka ujao ningeshukuru.

Ikabaki familia. Nilikuwa nikiikwepa, niseme ukweli, na nilijua kwa nini nikiikwepa. Jumatano baada ya kazi nikajifunga kitambaa, nikaenda.

Walikuwa wamekaa uani juu ya mikeka, Shangazi kwenye kiti kidogo, mjane ukutani amejifunika kichwa. Nikasalimu, nikakaa chini, nikanyamaza muda unaotakiwa. Kisha nikaeleza. Kueleza jina la mtandao kwa watu wa matanga si kazi ndogo. Nilisema ni kama shule imefungiwa mlango na namba ya mlango huo inakuja katika simu ya Papa. Nilisema kuna mkunga anayengoja. Nilisema nitasoma namba moja tu.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mwanamke mnene, mpole wa sura, na sauti yake haipandi.

"Ulifanya kazi na ndugu yangu miaka ngapi?"

Nikamwambia.

"Miaka yote ile. Weye njo uliandika barua zote, weye njo ulibeba fungulo. Na haukuandika jina yako hata fasi moja?"

"Ilikuwa heshima, Shangazi."

"Eeh. Heshima." Akatazama wenzake. "Na sasa muntu anakufa, jambo ya kwanza unatafuta ni simu yake. Uko na wasiwasi ya kitu gani mule ndani, mama? Tuambie. Hapa ni kwetu."

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka kwa puani. Ndipo nikaelewa kile walichokuwa wakikifikiri, na pengine wamekifikiri miaka yote: sekretari, mjane, na mzee, ofisi moja, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi. Nilisikia uso wote unawaka. Nilikasirika. Nilitaka kuwauliza ni nani aliyemkumbusha ndugu yao dawa yake ya presha kila siku saa nne, na ni nani aliyekuwa akimwambia arudi nyumbani mapema kwa mke wake. Badala yake nikasema asante, nikainuka. Nilimwangalia mjane. Hakuinua kichwa.

Niliteremka njia yote nikiongea peke yangu. Watu wakanipisha.

Alhamisi asubuhi fundi akanipigia. Alikuwa amewasiliana na wale wanaotunza majina kule Kinshasa, nao walikubali njia nyingine: barua ya mwenye jina, yenye saini yake, inayoomba namba ya simu ibadilishwe. Saini yake ilikuwa kwao kwenye fomu ya kwanza, wataifananisha tu. Wote wawili tulijua mimi niliwahi kuona saini ile mara ngapi.

Nikafunga mlango wa ofisi. Nikachukua kalamu ya bik na karatasi chafu, nikajaribu. Saini ya tatu ilikuwa yake kabisa, na ile mikia miwili mwishoni ambayo aliongeza tangu alipopata miwani. Ilinitisha jinsi ilivyokuja kwa urahisi. Barua nilikuwa nimeshaichapa. Kilichobaki ni kuinamisha mkono.

Sijivunii kwamba sikufanya. Nilikaa na bik ile muda mrefu, na sikuwa nikiwaza dhambi wala sheria. Nilikuwa nikimwaza yule bwana mpole wa hospitali na diploma zake za uongo. Diploma ya binti ilikuwa ya kweli, kila saa yake ya zamu ilikuwa ya kweli, nami nilikuwa nataka kuithibitisha kwa saini ya uongo ya maiti. Siku moja mtu angefananisha tarehe ya barua na tarehe ya kaburi, na wakunga wetu wote wangeitwa wezi kwa mpigo. Nikachana karatasi vipande vidogo. Nilipomaliza nililaza kichwa juu ya meza, na pale ndipo binti aliponikuta.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Nimechoka tu."

"Rezo je?"

"Bado," nikasema. "Lakini wanatengeneza."

Alikuwa ametoka kuzalisha mapacha, kulikuwa na alama ya damu kwenye kiatu chake cheupe. Akaniambia nisijihangaishe sana, mambo ya rezo si kosa la mtu. Akaniachia ndizi mbili. Nilizila zote, na kila nilipomeza nilijichukia.

Ijumaa saa nne mjane alituma mtu kuniita.

Nilikuta watu wale wale, uani pale pale, lakini sanduku lilikuwa katikati ya mikeka. Sikujua walisemezana nini usiku kucha, na hakuna aliyeniambia. Mjane alikuwa amekaa mbele safari hii. Akaniambia, bila kunitazama: "Miye njo nilisema lifunguliwe. Papa alikuwa anasema ile shule njo mutoto yake ya mwisho. Mutoto hatumufungie mu valizi." Shangazi akatoa ufunguo kifuani, taratibu sana, ili kila mtu aone kwamba anautoa mwenyewe. Akaweka masharti yake: simu sitaishika mimi, namba itasomwa kwa sauti mbele ya wote, na sanduku litafungwa tena papo hapo.

Simu ilikuwa imeviringishwa katika taulo. Ilikuwa imezimika, bila shaka, na umeme haukuwepo. Jirani mmoja alikuwa na sahani ya umeme wa jua juu ya paa. Ikapelekwa kule, na wajumbe wawili wa familia wakaenda kuilinda. Tukangoja. Mimi nilikuwa natazama saa ya mkononi, na wao walikuwa wakinitazama mimi. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu nikatoka mbele ya ua, nikampigia yule bwana wa hospitali, nikamwomba anisogezee hata saa chache. Akasema atawaambia, lakini kamati haikuwa mali yake.

Simu ikaja imewaka. Shangazi akaishika kwa mikono miwili, mjane akainama juu yake na miwani ya marehemu puani, kwa sababu yake ilikuwa imevunjika siku ya mazishi. Nikampigia fundi, nikaweka sauti yake juu watu wote wasikie. Akabonyeza huko kwake. Simu ikalia kidogo mikononi mwa Shangazi, naye nusura aiangushe.

Mjane akasoma namba moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Sita. Sifuri. Sita tena. Fundi akarudia kila moja. Halafu akasema: "Imekubali. Jina imerudi. Sasa wananiuliza mwenye jina mupya njo nani."

"Mudogo yake," Shangazi akasema mara moja. "Ule wa Nyunzu. Njo mukubwa sasa."

Nilimfikiria mtu huyo ambaye sijamwona, kwenye treni ambayo haijatoka, na simu yake ambayo mara nyingi haipatikani. Nikasikia sauti yangu inasema: "Hapana. Andika yangu." Mikeka yote ikageuka. Sikuwa nimepata ushujaa. Nilikuwa nimechoka mno kuweza kuwa na adabu. Nikamtajia fundi jina na namba yangu ya simu, na Shangazi akanitazama kwa jicho la mtu aliyeshuku tangu mwanzo na sasa amethibitisha, akafunga sanduku.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nikauliza kama naweza kutuma barua sasa hivi. Fundi akasema hapana, Mama, jina likifufuka halisikiki kote kwa mara moja, linatembea, mpaka kesho asubuhi. Nilikuwa sijui hilo. Barua ya kuthibitisha diploma ilikuwa tayari tangu Jumatatu. Niliituma Jumamosi kulipopambazuka, ikaenda, haikurudi.

Jibu lilikuja Jumatatu. Kamati ilikaa Ijumaa saa sita kama ilivyosema. Walimchukua wa pili. Walishukuru shule kwa ushirikiano wake na kuahidi kutunza faili la binti.

Alipanda mwenyewe kunieleza, mchana, jua kali. Alikuwa amesoma tayari. Hakulia. Alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi, akavua viatu, akasema: "Rezo ya hii inchi itatumaliza siye wote."

Ilikuwa rahisi kukubali. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuinama kusema ndiyo. Fundi asingenisema, Shangazi hamjui, na binti mwenyewe alikuwa ameshamaliza kulaumu na kuanza kuchoka, kama tulivyo wote. Nikakaa kando yake.

"Haikuwa rezo," nikasema. "Ilikuwa miye."

Nikamweleza yote kwa mpangilio: fomu, mzee aliyesema andika yako, mimi niliyekataa, simu katika sanduku, na siku tano nilizomdanganya huku nikila ndizi zake. Sikumwambia kwamba nilikuwa na nia njema. Kila mtu aliyewahi kuniharibia kitu alikuwa na nia njema.

Aliangalia chini ziwani, au labda hakuangalia kitu.

"Jina yako ingekuharibia nini, Mama?" akauliza mwishowe. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

Simu yake ikalia hapo hapo. Akaitazama, nami nikaona ni namba ya mjomba wake wa Zongwe, ambayo mtoto hupigia. Akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Akanigeuzia kiganja chenye simu.

"Mwambie weye," akasema.

Nikaichukua. Upepo ulikuwa mwingi upande ule, na nyuma ya upepo kulikuwa na kuku, na sauti ya mtoto iliyokuwa imeshaanza kuongea kabla sijaweka simu sikioni.

"Allô, mama? Allô? Ni nani?"

Nikamtajia jina langu. Nikamwambia mimi ni sekretari wa shule aliyosoma mama yake, kwamba nilikosea kazi yangu, na kwa sababu hiyo ile nyumba ya vyumba viwili amepewa mtu mwingine. Nikamwambia mama yake hakufanya kosa lolote. Sijui aliyaelewa kwa kiasi gani.

"Basi nitoe manguo mu mufuko?" akauliza.

Nikamwambia: "Ndiyo, mama. Toa."